Hema lisikae ukingoni mwa Nile

Dada, umeuliza kama mnaweza kupiga hema ukingoni kabisa mwa Nile huko Murchison, ile hifadhi ya wanyama ya Uganda, ili mkiamka muwaone viboko. Msithubutu. Mchana utawaona wametulia majini kama mawe, lakini usiku hupanda nchi kavu kula nyasi na hurudi kwa njia zao zilezile. Kabla ya kuchagua mahali tazama chini: ukiona kichochoro kilichokanyagwa, nyasi fupi kama zimefyekwa na mavi yametapakaa vichakani, hapo pana mwenyewe. Sogeeni mbali.

Sisi tulilala kwenye kambi inayoruhusiwa, na bado saa nane usiku nilimsikia mmoja akitafuna nyasi hatua chache tu kutoka hemani, kraa, kraa. Mkojo ulinibana hadi alfajiri!

Chakula kifungieni garini, nyani na ngiri hawana haya. Nguo za buluu na nyeusi acheni nyumbani, zinawavutia mbung'o. Yule ndege mwenye mdomo kama kiatu mtafuteni kwa boti, asubuhi na mapema, kule mto unapoingia Ziwa Albert.