Kwa mnaoanza kunakili ile nyika ya Mongolia

Wadogo zangu, kila kundi jipya likiingia studio huanza na mchoro uleule wa mafuta wa Mongolia ulio karibu na dirisha, na kila kundi huuharibu kwa njia zilezile. Mmeshauona: njano ya udongo chini, rangi ya kutu katikati, anga iliyomeza zaidi ya nusu ya turubai, madoa ya kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi, na mkwaruzo mdogo wa buluu juu ya kirundo cha kijivu. Hamna mtu wala mnyama. Mkisikia ni mchoro nusu dhahania, mnadhani mmepewa ruhusa ya kubuni. Hamjapewa. Aliyeuchora ni mtu wa zama zetu, yuko huru na kisu chake cha kupakia rangi, lakini kila doa aliloweka lina sababu yake kule ardhini.

1. Uwazi uacheni kama ulivyo. Haipiti siku mbili kabla mtu hajachomeka ger nyeupe, lile hema la duara la wafugaji, na farasi pembeni, eti pamepwaya. Mongolia ina kilomita za mraba zipatazo milioni 1.56 na watu kama milioni 3.5 tu, na karibu nusu yao wanaishi Ulaanbaatar, mji mkuu. Tanzania ni ndogo kuliko hapo, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Kwa hiyo mnapoona utupu, mchoraji anawaambia habari za nchi. Mwenye hamu ya watu amtafute Balduugiin Sharav, mchoraji wa Mongolia aliyeishi 1869 hadi 1939. Mchoro wake wa "Siku Moja Mongolia", uliomo kwenye makumbusho ya sanaa ya Zanabazar kule Ulaanbaatar, umejaa watu kila pembe. Mkiutazama, angalieni alivyoiona nchi kutoka juu, vilima vimepandana, hakuna nukta moja ambako mistari yote inakutana. Ufundi wa rangi za mafuta ulistawi Mongolia kupitia Wasovieti, wachoraji wengi wakapelekwa kusoma huko, na hadi mapinduzi ya kidemokrasia ya 1990 sanaa rasmi ilikuwa uhalisia wa kijamaa, yaani picha za kuusifu ujamaa. Lakini mimi nikiutazama huu wetu, namwona Sharav kwenye mpangilio wa vilima. Ndiyo maana naumia mtu anapounyoosha kwa rula.

2. Milima ya mbali msiififishe. Macho yenu yamelelewa pwani, ambako unyevu hukigeuza kila cha mbali kuwa buluu hafifu. Ulaanbaatar iko mita 1,300 na ushee juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali sana. Hewa ni kavu na safi, hasa ukishatoka mjini, na mlima wa mbali husimama na kingo kali mpaka msafiri anadhani atafika kabla ya chakula cha mchana. Tazameni turubai tena: umbali ameujenga kwa ukubwa wa mipigo, mipana mbele, myembamba nyuma, na rangi hazikupauka.

3. Madoa ya kijani cheusi hayakumwagwa tu. Binti mmoja hodari aliyatawanya sawasawa kila kilima, akaniambia ameyapa mizani. Nikamuuliza jua linatoka wapi. Akanyamaza. Kule kaskazini mwa Mongolia, misonobari ya lachi huota zaidi kwenye miteremko inayotazama kaskazini, kwa sababu jua haliipigi sana na unyevu hubaki. Upande wa kusini ni majani matupu. Kwa hiyo kila kilima kina mgongo wenye msitu na kifua cha nyasi. Na yale madoa mapana ya chini, yenye kingo laini, si vichaka, ni vivuli vya mawingu. Ukishajua hayo huwezi kuyatawanya ovyo hata ukitaka.

4. Buluu ile ndogo haibadilishwi. Kirundo ni ovoo, mawe yanayorundikwa juu ya vilima na kwenye njia za milimani. Wapitao huongeza jiwe na kukizunguka kirundo mara tatu. Ule mkwaruzo wa buluu ni khadag, kitambaa cha heshima, na buluu yake ni ya Tenger, mbingu yenyewe. Kuna aliyeifanya rangi ya chungwa ili "ivute jicho". Ifuteni hiyo.

5. Mafuta juu, tapentaini (ile ya kuzimulia rangi) chini. Hapa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo palipotutoa machozi sote.

Kulikuwa na kijana mwenye mkono mzuri kuliko wenzake wote. Alipata mteja wa nakala kubwa, na alitaka lile giza linalochungulia chini ya anga. Akaanza na nyeusi ya mifupa, ambayo yenyewe hukauka polepole, akaiongezea mafuta ya kitani kwa wingi ili ing'ae. Juu yake akapaka anga nyembamba iliyochanganywa na tapentaini, kisha akaiweka mbele ya feni. Asubuhi ilikuwa kavu kwa kidole. Ikang'aa vizuri, mteja akaichukua kwa furaha.

Ila mafuta hayakauki kama maji. Hayapotei hewani, yanavuta oksijeni na kugeuka kuwa ngozi. Anga yake ilikauka upesi ikakaza, huku weusi wa chini bado laini, unaendelea kusogea. Baada ya miezi mteja alirudi ameikumbatia turubai. Anga yote ilikuwa imepasuka kama tope la bwawa lililokauka, na weusi unaonekana katika kila ufa. Kijana akaomba aachiwe aitengeneze. Nyufa za namna hiyo hazitengenezeki, ukizijaza zinafunguka kando yake. Alirudisha pesa yote, akakaa chini anaikwangua kwa kisu, na hakuna aliyejua la kumwambia. Kilichoniuma ni kwamba mipigo yake ilikuwa sahihi. Milima ilisimama, vivuli vilikuwa mahali pake. Ni tabaka tu. Kama angeanza na kahawia ya umba iliyozimuliwa, inayokauka haraka, akaongeza mafuta kidogo kwa kila tabaka, anga ile ingekuwapo leo.

Mengine ni mafupi. Nyeupe ya zinki msiiweke chini, hukakamaa na kuvunjika. Tumieni ya titani. Kisu kije mwisho. Vanishi ingojee miezi sita hadi mwaka. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandazeni nje, msivisokote pembeni, vinajipasha joto vyenyewe na kuwaka.