Jibu: Siku moja ya mapumziko Chennai, twende wapi?

Umesema unamuuguza mama anayetibiwa Chennai, India, na mna siku moja ya mapumziko. Pole kwa kuuguza, ndugu. Kama daktari amempa mama ruhusa ya kutoka Jumapili, nendeni Mahabalipuram, mji wa mahekalu ya kale na michongo ya mawe, kama kilomita 60 kusini mwa Chennai, barabara ya pwani. Tokeni alfajiri, jua la kule ni kali mno.

Anzeni na mwamba mkubwa uliochongwa karne ya 7, enzi za wafalme wa Pallava waliotawala kusini mwa India. Tembo wake ni wakubwa kama tembo hai, na karibu na miguu yao kuna paka amesimama wima, mikono juu kama mtawa, panya wamemzunguka. Mtafuteni huyo paka, mama atafurahi sana! Hekalu la ufukweni liacheni la mwisho, mpate upepo wa bahari. Mchana kuleni wali na sambar (mchuzi wa dengu na mboga) kwenye jani la mgomba.