Barua kwa mwanangu: nyumba ya mtu ifanane na mwenyewe

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na babako anakusalimu sana. Umeniuliza kuhusu wateja wako wa kupamba nyumba huko Dar, wanaokufungulia simu na kukuonesha sebule ileile ya kijivu na nyeupe, kila mmoja akisema "nifanyie hivi". Unataka kujua kama uwafanyie tu upate riziki, au ufanye kama nifanyavyo mimi huku Tanga, kochi jipya likae na kasha la bibi na mkeka wa ukindu. Na ukichanganya hivyo, utajuaje kama umepamba au umejaza bohari?

Changanya, mwanangu. Wala asikutishe mtu kwamba huo ni ushamba. Pwani yetu imechanganya tangu zamani. Tongoni, hapo njia ya Pangani, wazee walijenga makaburi ya nguzo kwa mawe ya matumbawe ya papa hapa, kisha wakayapachika bakuli za kauri zilizovuka bahari. Huo mkonge tunaojivunia, Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche yake kutoka Florida mwaka 1893. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Leo nani Tanga atakwambia zulia la mkonge ni kitu cha kigeni?

Lakini anza na mwenye nyumba. Duka litafuata. Siku ya kwanza mimi huenda na futi kamba na daftari, rangi sizitaji kabisa. Nauliza nani anaamka kwanza na anakwenda kukaa wapi. Mnakula mezani au mnatandika chini? Pa kuswalia ni wapi? Wageni wa Idi huwa wangapi, na wakizidi makochi wanakaa wapi? Kisha naomba nioneshwe chumba wanachokificha, kile kilichojaa vitu vilivyotolewa sebuleni kwa aibu. Humo ndimo ninapoikuta nyumba yenyewe.

Nikupe mfano. Kuna mzee mmoja wa Chumbageni, mstaafu wa reli. Wanawe walimnunulia seti ya makochi makubwa meusi, wakataka kitanda cha besera, kile cha nguzo nne, cha marehemu mama yao kiuzwe, na kasha lake pia, ati chumba kionekane cha kisasa. Mzee hakuwabishia, ila sebuleni alikuwa hakai tena, anashinda barazani hata mvua ikinyesha. Mimi kitanda nilikirudisha chumbani kwake. Vioo vyake vya ubavuni vimechorwa maua, na majani yake ni ya kijani kilichokolea. Kijani hicho nikakichukua: nikashona foronya za mito ya makochi, nikalitia zulia la mkonge pindo la rangi hiyo, nikapaka fremu za madirisha. Kasha nikalisugua njumu zake hadi shaba ikaonekana, likawa meza mbele ya makochi. Kochi moja la ile seti lilikuwa linaziba njia, likaenda kwa mjukuu. Taa yake ya zamani ya reli ikatundikwa juu ya mlango wa ndani. Wanawe waliona makochi yao yanatumika, na mzee akarudi kupokea wageni ndani, jambo aliloliacha tangu msiba.

Umeona kilichoshika nyumba ile? Ni kijani. Vitu vyenyewe havina undugu wowote, lakini jicho likiingia linakutana na rangi moja hapa, pale na kule, linatulia. Yaweza kuwa rangi, yaweza kuwa mbao ya aina moja, msaji wa shamba la miti la Longuza kwa mfano, au shaba. Chagua kimoja, ukirudishe angalau mahali patatu. Halafu acha ukuta mmoja mtupu kabisa. Wateja watakusukuma uujaze. Kataa kwa adabu. Nyumba yenye vitu vingi vya historia inahitaji mahali pa kupumua kuliko ile ya vitu vichache.

Mengine ni ya kipimo na utayazoea. Picha iwe usawa wa macho, katikati yake kama sentimita 145 hadi 150 toka sakafuni. Zulia liingie chini ya miguu ya mbele ya makochi, lisielee peke yake katikati ya chumba. Taa za sebuleni ziwe za mwanga wa joto, wa manjano kidogo, zilizoandikwa kelvini 2,700 hadi 3,000, maana zile nyeupe sana zinaziua mbao na nyuso za watu pamoja.

Ukipata nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, usimruhusu fundi aipige saruji na rangi ya mafuta. Ukuta ule unavuta unyevu na kuutoa. Ukiuziba, rangi itabambuka na plasta itaanguka vipande vipande. Chokaa irudi kwa chokaa. Na karibu na bahari misumari na bawaba ziwe za shaba au chuma cha pua. Zulia la mkonge usiliweke bafuni wala karibu na beseni, linanyonya maji na kubaki na madoa.

Umeuliza pia kama kazi ya namna hii inalipa, kwa kuwa kila nyumba unaanza upya. Inalipa polepole. Mimi nilianza Ngamiani kwa kushona mapazia. Mteja akipenda pazia ananiuliza na kochi liwe wapi, na hivyo ndivyo nilivyojikuta mpambaji. Kilichonijengea jina ni uaminifu wa hesabu. Ada yako itoze kando, iandikwe kabla hujagusa kitu, na usipokee chochote kutoka kwa wauza fanicha, ili ukimwambia mteja "hiki usinunue" akuamini. Siku utakayomwambia hivyo, ndipo atakapokupeleka kwa dada yake.

Na hao wa picha za simu, usiwakatalie mlangoni. Muulize kila mmoja anapenda nini hasa katika ile picha. Mara nyingi ni mwanga na nafasi, basi. Kijivu kimekuja tu na picha. Mpe mwanga na nafasi, halafu mwombe akuoneshe kasha la bibi yake, au cherehani ya mamake, au chochote alichokifungia stoo.

Yule mwalimu wa Mbagala anayetaka zulia, nitumie vipimo vya sebule yake na picha ya kitu anachokipenda zaidi mle ndani. Nitakwenda kwa mafundi wa mkonge wiki ijayo, na pindo lake nataka nilichague mwenyewe.

Mama yako,
Tanga