Vituo vya tabo katika makro ya Word

Dada, umeuliza kwa nini bei katika orodha yako ya dagaa wa Kigoma zinajibana kando ya majina ya wanunuzi, ilhali kwenye makro (amri zilizoandikwa ili Word izitekeleze yenyewe) umeandika kituo cha tabo, yaani mahali maandishi yanaposimama baada ya kubonyeza Tab, kiwe 12. Word hupima nafasi hiyo kwa pointi, wala si kwa sentimita, na kwa kuwa inchi moja ina pointi 72, pointi 12 hazifiki hata nusu sentimita. Andika CentimetersToPoints(12), nawe utapata takriban pointi 340.

Kabla ya kuongeza kituo kipya, tanguliza TabStops.ClearAll, amri ya kufuta vituo vilivyowekwa awali, kwa sababu vituo vya zamani hubaki ndani ya aya na ndivyo vinavyoizuia tabo njiani. Hili limewapotezea wengi siku nzima. Usipotaja mpangilio, kituo huwa cha kushoto, kwa hiyo weka wdAlignTabRight, yaani mpangilio wa kulia, ili tarakimu za shilingi ziishie kwenye mstari mmoja. Ningekushauri pia, kama orodha ni ndefu, uviweke vituo hivyo kwenye mtindo wa aya (style) badala ya kuzipitia aya moja moja.