Vijineno vinavyotangulia: "back up in the room" ilivyonifunza Kiingereza upya

Nilipoanza kazi ya kwanza iliyonilazimu kuzungumza Kiingereza kutwa nzima, bosi wangu alinipigia simu akiwa njiani. Alihitaji namba fulani iliyokuwa kwenye faili. Nikamuuliza faili liko wapi, akajibu: "I left it back up in the meeting room." Mimi nikasikia bakapu. Nikakaa kwenye kompyuta nikifungua folda moja baada ya nyingine, natafuta nakala ya akiba, naye anasubiri kwenye laini. Faili lilikuwa la karatasi. Lilikuwa mezani, ghorofa ya juu, katika chumba tulichokuwa tumetoka wote wawili dakika chache kabla.

Kilichoniuma ni kwamba hakuna neno hata moja pale ambalo sikulijua. "Back" nilijifunza, "up" nilijifunza, na "in the meeting room" ni kirai kihusishi (kihusishi "in" pamoja na jina la mahali) cha kawaida kabisa. Lakini nilifundishwa vielezi wiki moja na vihusishi wiki nyingine, kama watu wa familia mbili wasiotembeleana. Katika mazungumzo ya kila siku hawaachani. Nikiulizwa leo mtu aliyesoma Kiingereza cha darasani aanzie wapi ili awaelewe wenye lugha yao, namwambia aanzie hapa.

Tuanze na Kiswahili chetu, kwa sababu ndicho kinachotuzuia kusikia. Sisi njia tumeibebesha kitenzi: kupanda, kushuka, kuingia, kutoka, kurudi, kuvuka. Namna ya kwenda tunaiongeza baadaye. Tunasema alishuka ngazi akichechemea. Kiingereza kinapindua mambo: kuchechemea ndiko kunakuwa kitenzi, na kushuka kunaachiwa kijineno. "She limped down the stairs." Kwa hiyo sikio la Mswahili linakamata kitenzi, linakamata jina la mahali mwishoni, na katikati linaruka. Safari yote imo humo katikati.

Sasa tazama sentensi hii: "He ran straight back up to his room." Baada ya kukimbia kuna vijineno vitatu kabla hujafika kwenye chumba. "Straight" inasema hakupitia kwingine. "Back" inasema huko anakokwenda alishakuwako. "Up" inasema chumba kiko juu. Kisha "to his room" inatuonyesha anapofikia. Kwa Kiswahili ningesema alirudi mbio moja kwa moja hadi chumbani kwake juu, na kurudi kungekuwa kitenzi kikuu. Kwa Kiingereza kurudi ni kijineno kimoja, tena kinatamkwa haraka.

Mpangilio wake hauchezewi. "Straight" au "right" hukaa mbele, "back" hufuata, halafu "up", "down", "in" au "out", na kirai kihusishi hufunga msafara. Ukisema "up back to his room" msikilizaji ataelewa, ila atahisi kuna kitu kimekaa kombo. Mimi nilikuja kuushika mpangilio huu nilipoona unakwenda kutoka kwenye upana kuelekea mahali penyewe hasa. "Over there by the window": kwanza upande, kisha pale penyewe. "Up there on the top shelf": kwanza inua macho, kisha tafuta rafu. "Out in the rain": kwanza nje, kisha mvua. Anayesema anakuelekeza kwa mkono kabla ya kukutajia mahali.

Na mkono huo mara nyingi unaanzia alipo yeye. Hili lilinichukua muda mrefu. Aliye ghorofani akisema kitu kiko "down in the cellar", anakipima kutoka alipo. Akishashuka mwenyewe, atakuita kwa "I'm down here in the cellar", kwa sababu sasa anakufikiria wewe uliye juu. "Back" nayo huhitaji kujua nani alikuwa wapi kabla. Ndiyo maana maneno haya hayatafsiriki ukiwa na kamusi peke yake. Unahitaji kuona picha ya watu na mahali waliposimama. Bosi wangu aliposema "back up", alikuwa ananikumbusha kwamba tumetoka huko pamoja.

Mkazo nao unakaa upande mwingine. Sisi tunasema katikati kabisa, na "kabisa" inakuja nyuma. Mwingereza anautanguliza: "right in the middle". Kwa miaka mingi niliandika "in the middle exactly", nikishangaa kwa nini sentensi zangu zilirudi zimepigwa mstari. Kosa la pili lilikuwa kuitegemea "very" kwa kila kitu. Vihusishi vingi vya mahali havipendi "very". Hakuna "very behind the door". Sema "right behind the door" ukimaanisha nyuma tu ya mlango, "directly above the table" ukimaanisha juu yake sawasawa, "well above" au "far below" ukimaanisha kwa kiasi kikubwa, "halfway up the stairs" ukiwa katikati ya ngazi. Vipimo tu ndivyo havitusumbui, kwani mita mbili chini ya maji ni "two metres below the surface", kwa mpangilio uleule.

Maneno ya wakati yanafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo sitakaa sana hapo. "Shortly before noon", "long after the meeting", "just after ten", "late at night", "early in the morning". Angalia tu "kesho asubuhi": ukishazoea "in the morning" utavutwa useme "tomorrow in the morning", lakini Waingereza husema "tomorrow morning", bila kihusishi. Na wakisema "back in March", hakuna anayerudi popote. Wanakirudisha kisa nyuma hadi Machi.

Kuna maneno ambayo tayari yana mahali ndani yake: "home", "here", "there", "upstairs", "abroad". Haya hayataki "to". Wengi wetu tunasema "go to home", na nadhani tunakosea kwa kusahau kilicho kinywani mwetu. Sisi hatusemi nenda kwenye nyumbani. Ile "-ni" imeshafanya kazi ya kihusishi, basi "home" ichukulie kama nyumbani, na "here" kama hapa. Ajabu ni kwamba "from" inakubaliwa nayo: "from here", "from upstairs", "from abroad". Sisi pia tunasema kutoka hapa, kutoka ng'ambo.

Kisha kuna yale yaliyogandana na kitenzi: "put up with", "run out of", "keep up with", "look forward to". Hapa usitafute maana ya kila kipande, kwani ni neno moja lenye miguu mitatu. Kwa kuwa "keep up with" na "catch up with" zinasikika kila mahali, watu wameongeza "up" hata isipotakiwa, wakapata "cope up with". Sahihi ni "cope with". Na katika "look forward to", ile "to" ni kihusishi kweli, kwa hiyo barua pepe yako imalizie "I look forward to seeing you", wala si "to see you". Katika kuandika, chunga pia "in to" isiwe "into" ovyo. "He turned himself in to the police" ni mtu aliyejisalimisha polisi. Ukiunganisha, amegeuka kuwa polisi.

Kilichonisaidia kuliko yote ni daftari dogo. Niliacha kuandika maneno peke yake, nikawa naandika kipande kizima, kuanzia kitenzi hadi jina la mahali, na pembeni nachora mshale wa njia. Kisha nakitamka kwa sauti, kwa sababu mkazo wa sauti unaeleza mengi. Ile nakala ya akiba hukazwa mwanzoni: "BACKup". Aliyeniachia faili juu alikaza "up", na wala hakuweka "a" wala "the" mbele ya "back", jambo ambalo jina lingelidai. Alama zote mbili zilikuwa sikioni mwangu siku ile. Sikuwa nimefundishwa kuzisikiliza.

Ukitaka kuanza leo, chukua hii uichoree mshale: "The cat came right back out from under the table." Paka alikuwa nje, akaingia, sasa anatoka tena, bila kukawia. Vijineno vitatu vya kwanza vitakupa kazi. Ukifika kwenye "from under the table" utapumua, maana ni kutoka chini ya meza, neno kwa neno, kama tunavyosema sisi.