Arusha hadi Ziwa Natron: Tenga Siku Nne

Mara ya kwanza nilipoendesha gari kutoka Arusha kwenda Ziwa Natron nilitaka kufika siku hiyo hiyo, na nilifika kweli, saa mbili usiku, nikiwa nimeipita Engaruka, kijiji chenye magofu ya kale, bila kusimama na nikilazimika kusimika hema kwa mwanga wa tochi huku upepo ukilivuta. Tangu hapo nimerudi mara mbili na familia yangu, na sasa ninatenga siku nne.

Siku ya kwanza ni fupi na ni ya lami: ukipitia Makuyuni utafika Mto wa Mbu mchana. Lala hapo. Jaza mafuta, nunua maji ya kutosha, mkaa na zile ndizi nyekundu za sokoni, kwa sababu mbele yake maduka ni machache. Beba matairi mawili ya akiba, kwani mawe ya njia ile yaliwahi kunipa pancha mbili katika safari moja. Masika usiende, makorongo hujaa maji ghafla.

Asubuhi shika barabara ya vumbi kuelekea kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako, na usimame Engaruka hata kama watoto wanalalamikia joto. Chukua mwongozaji wa kijijini akuonyeshe kuta za mawe na mifereji ya wakulima walioishi hapo tangu karne ya 15 hadi ya 18, waliomwagilia mashamba yao kwa vijito vinavyoshuka kutoka ukuta wa Bonde. Binti yangu alipitisha kiganja juu ya mawe ya mfereji, akauliza maji yalikwenda wapi, nasi tukakaa saa nzima.

Baada ya hapo Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, hautoki machoni. Lava yake hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe.

Engaresero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, lala siku mbili. Funga kamba zote za hema kabla ya jioni. Maporomoko yaendeeni alasiri kwa viatu vinavyoweza kulowana, maana mtavuka mto. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, watazameni alfajiri, na gari liacheni mbali na ufuko, kwa kuwa tope lake hubeba mtu lakini humeza magurudumu. Siku ya kurudi ondokeni kabla jua halijapanda, na chakula cha mchana mtakila Mto wa Mbu.