Kabla hujaitisha semina ya walezi, angalia mwezi

Semina yangu ya kwanza ya walezi niliiandaa kama harusi. Ukumbi ulikodiwa, soda na maandazi vikaletwa, mabango kitita nikayaandika usiku kucha kwa kalamu za rangi tatu. Ilikuwa mtaa mmoja wa wavuvi upande wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na nilikuwa nimehakikishiwa kwamba kina mama 25 wenye watoto wenye ulemavu wamejiandikisha. Saa tatu asubuhi walikuwa watatu. Saa tano wakawa wanne, na huyo wa nne alikuja kuuliza kama tunagawa vyandarua.

Jioni bibi mmoja alinionea huruma. "Mwalimu, sasa hivi ni giza," akaniambia. Jua lilikuwa bado linawaka, sikumwelewa. Akanifafanulia taratibu kama anavyofafanuliwa mtoto: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku ambao hauna mwezi. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku za giza mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, na kina mama wanashinda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotua, wakianika, wakigeuza na kufukuza ndege. Mimi nilikuwa nimepanga semina katikati ya wiki yao ya mshahara. Tangu siku hiyo, kwa mitaa ya ziwani, napanga kwa kuangalia mwezi. Kwa wakulima wa wilaya za Misungwi na Kwimba naangalia mvua na palizi.

Nakuandikia wewe uliyepewa kazi ya kufundisha walimu na walezi wa watoto wenye usonji (autism), mtindio wa ubongo (cerebral palsy), ulemavu wa akili na mengine ya jamii hiyo. Labda umetoka chuo cha ualimu Patandi na cheti cha elimu maalumu, labda wewe ni ustawi wa jamii, labda umeteuliwa tu kwa sababu kwenye semina iliyopita ulikuwa unanyoosha mkono sana. Wote mnakaribishwa. Wa tatu huwa wazuri kuliko wanavyodhani.

Jambo la kwanza ninalotaka uelewe ni kwamba ukumbini hakuna mtoto. Utaeleza misuli, utaeleza ubongo, watu wataandika, watapiga makofi, na mama atarudi nyumbani kumlisha mwanawe vilevile alivyomlisha jana. Shirika la Afya Duniani lina mpango wake wa kufundisha walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wanaouendesha hawalazimiki kuwa madaktari, wanatosha watu waliofundishwa na kusimamiwa. Nimeona ratiba za aina hiyo zikikatwa pesa zinapopungua, na kinachokatwa kwanza ni ziara, kwa kuwa ndizo zinazokula nauli. Ukipewa mkasi wewe, kata soda. Kata hata vikao viwili. Ziara ziache.

Ziara ya kwanza usifundishe chochote. Najua inauma, kwa sababu umekuja na begi limejaa. Salimia, na kama ni kwa Wasukuma, "mwangaluka" moja ya asubuhi inafungua mlango kuliko kitambulisho chako. Kaa kwenye kigoda utakachopewa. Muulize mama siku yake inaanzaje mpaka inaishaje, kisha omba kumwona mtoto akila. Mlo ndiyo darasa. Utaona shingo inakaaje, mkono upi unafanya kazi, nani anamshika, ndugu zake wanamwita kwa jina gani, na mama anamwelewaje asiyesema neno. Mara nyingi mama anajua mambo ambayo wewe hujayasoma popote. Kuna mmoja wa Igoma aliniambia kwamba mwanawe akikunja kidole gumba ndani ya ngumi, amebanwa haja ndogo. Daktari hakuwa anajua, mwalimu hakuwa anajua. Nikaandika kwenye daftari, na hilo likawa la kwanza tulilomfundisha mwalimu wake.

Kulisha nitakaa nako kidogo, kwa kuwa hapo watoto wanaumia kimyakimya. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo yake haijakaza mara nyingi hulishwa akiwa amelazwa chali mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, uji mwepesi unamiminwa. Anakohoa, anapaliwa, mama anadhani ni mkaidi wa kula. Uji unaoingia njia ya hewa unaleta homa ya mapafu, na homa hiyo ikijirudia familia inaanza kuhesabu wachawi. Ukisimama ukumbini kusema hayo, watakubali kwa vichwa. Mimi siku hizi nawafanyisha walimu zoezi: mmoja anainamisha kichwa nyuma atazame dari, mwenzake anampa kijiko kimoja tu cha maji, anajaribu kumeza. Kimoja kinatosha, na afanye mtu mzima mwenye afya. Baada ya hapo hakuna anayeniuliza tena kwa nini mtoto akalishwe wima, kichwa kikiinamia mbele kidogo, kijiko kitokee usawa wa mdomo au chini yake, uji uwe mzito kiasi cha kushikamana na kijiko, na mlishaji asubiri ameze kabla ya kuleta kingine.

Sasa, kumkalisha wima kunahitaji kiti, na kiti cha dukani mama hakimudu. Kuna ufundi wa karatasi ulioanzia Zimbabwe, wa kutengeneza viti na meza kwa maboksi makuukuu yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa ngano. Maboksi waombe wamachinga wa mjini jioni wanapofunga, wanayatupa. Kosa la kila anayeanza ni haraka: anabandika leo, kesho anapaka rangi, ndani bado pana unyevu, baada ya wiki mbili kiti kimeota ukungu na kimelegea. Kikauke kabisa, siku nyingi, hasa masika. Na mpime mtoto mwenyewe kwa uzi, goti mpaka kisigino, nyonga mpaka goti. Kiti cha mtoto wa jirani hakimfai.

Katika kufundisha stadi za kila siku, nitakupa mbinu moja, uijue vizuri kuliko kujua kumi juujuu. Wengi tunafundisha kuanzia mwanzo: "Shika kaptula. Ingiza mguu." Mtoto anashindwa hatua ya kwanza, mama anamalizia, na mtoto anajifunza kwamba kuvaa ni kazi ya mama. Geuza. Mama afanye yote, mguu wa kulia, wa kushoto, aivute mpaka magotini, akomee hapo. Hatua ya mwisho, ya kuivuta mpaka kiunoni, aachiwe mtoto. Akiivuta, amevaa! Anapigiwa makofi akiwa amemaliza kazi. Akishaiweza hiyo kwa siku kadhaa, mama akomee chini ya magoti, halafu kwenye vifundo vya miguu, mnarudi nyuma hivyo hivyo. Kunawa, kuvua viatu, kuosha kikombe, vyote vinakwenda kwa mtindo huo. Kumfundisha mama mbinu hii kunachukua nusu saa. Kinachochukua muda ni kumzuia bibi asimsaidie mjukuu.

Ndiyo, bibi. Usimfundishe mama peke yake. Kwenye nyumba nyingi za kwetu mama ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote, na huenda tayari analaumiwa kwamba mkosi umetoka kwao. Ukimpa maarifa bila kuwapa wenye nyumba, umempa ugomvi. Kuhusu hayo ya mkosi na kurogwa, usianze kwa kubomoa. Uliza mimba ilikwendaje, mtoto alilia alipozaliwa au alichelewa, aligeuka wa manjano siku za mwanzo, aliwahi kuzidiwa na malaria mpaka akapoteza fahamu. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo: vyote vinaweza kuujeruhi ubongo wa mtoto. Ukiyauliza mbele ya bibi, ataanza kukumbuka mwenyewe. "Kweli, yule alikaa muda ndiyo akalia." Nimeona mama akitokwa na machozi kwa sentensi hiyo moja ya mama mkwe. Kwa usonji huna jibu la aina hiyo, wala usilitunge. Sema ni namna ubongo wake ulivyokua, na hakuna alichokosea mama.

Kina baba wafuate waliko. Nilikwisha kuacha kuwaita kwenye vikao. Mmoja nilimfundisha kumbeba mwanawe wa miaka tisa akiwa anashona nyavu, mimi nimekaa juu ya ndoo. Wenzake walicheka, kisha wawili wakauliza kama naweza kupita kwao.

Kwa upande wa shule, mwalimu wa kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, na mwalimu wa darasa la kawaida usiwafundishe kitu kilekile. Wa kitengo ana watoto wachache wenye mahitaji kumi tofauti na anahitaji mpango wa mtoto mmoja mmoja. Msaidie kuandika malengo mawili yanayoonekana kwa macho. "Aboreshe mawasiliano" siyo lengo. "Aonyeshe picha ya kikombe anapotaka maji, bila kusukumwa mkono" ni lengo. Mwalimu wa darasa lenye watoto mia ukimwambia mpango binafsi, atakuona umetoka mwezini. Mpe vitu vitatu: mtoto akae mbele mbali na dirisha, maelekezo yawe mafupi na moja baada ya jingine, na akimuuliza swali anyamaze ahesabu mpaka kumi moyoni. Hilo la kumi ndilo gumu kwao. Walimu tunaogopa ukimya.

Viboko vitakuja kwenye mazungumzo, usivikwepe. Kulikuwa na kijana kwenye kitengo kimoja ambaye aling'ata mkono wake mpaka damu na kuwapiga teke wenzake, "kila saa", kwa maneno ya mwalimu wake, na alikuwa anachapwa. Nikamwomba mwalimu aandike kwa wiki moja tu: kabla yake kulitokea nini, alifanya nini, baada yake alipata nini. Haikuwa kila saa. Ilikuwa kila kengele. Kengele yao ni ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni na kugongwa kwa chuma, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Tukahamishia kiti chake upande wa pili, na mgonga kengele akakubali kupita kwanza kumwonyesha picha ya kengele. Hakuacha kung'ata mara moja, tusidanganyane, lakini ndani ya mwezi mwalimu alikuwa amesahau fimbo ilipo.

Kifafa kiingie kwenye kila mafunzo, hata kama hakimo kwenye ratiba yako, maana watoto wetu wengi wanacho. Mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane, tazama saa. Kikipita dakika 5, hospitali. Na dawa zake haziachwi ghafla kwa sababu mtoto "amepona".

Ukimwelekeza mama kwenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure, pale Mwanza mjini, kwanza piga simu ujue kliniki anayoihitaji ni siku gani. Kwa mama wa kisiwa cha Ukerewe, safari ya mjini ni meli, ni kulala kwa ndugu, ni kumbeba mtoto mzito na begi. Akifika siku isiyo yake, hatarudi tena, na wewe pia hatakuamini. Nimewahi kumpoteza mama mmoja hivyo.

Shule utakazokwenda, usifundishe walimu tu. Uhamisho upo, na unakuja bila kubisha hodi. Kuna shule niliyofundisha walimu watatu kwa bidii sana; ndani ya miaka miwili wote walikuwa wamehama, mmoja Geita, mmoja Simiyu, mmoja masomoni. Nilipopita kule nikitegemea kuanza upya, nilikuta mama anayepika uji akimgawia msichana wa kitengo kikombe cha mikono miwili, kimejazwa nusu, amemkalisha wima kwenye pembe ya ukuta, anasubiri ameze. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema siku ile ya zoezi la kijiko alikuwa amesimama dirishani na sufuria.